Muziki wa Kufoka si Uhuni

Wapo walimu na watumishi wa Mbulu na Hanang waliokwisha kuhukumu kwamba muziki wa kufoka ni uhuni wa Marekani. Hiyo ni kasumba tupu! Mwaka 2004 vijana wa X Plastaz wa Arusha, mkoa zilimokuwa wilaya hizi hadi 2002, walitoa albamu yao ya kwanza, Maasai Hip Hop. Kiswahili kilifokwa, uimbaji wa Kimaasai ukakijibu. Na mfano huo ungali hai. Je, slufay ya Wairaqw, mzee akinena na hadhira ikiitikia, imepungukiwa nini? (Wadatoga nao si mabubu.) Mwalimu amkatazaye mwanafunzi kughani Kiiraqw, kisha akalalamika kuwa vijana wanaiga wageni, amlaumu nani?