Kiziwi Atasimuliwa na Nani?

Maji ya Mto Tana yanayozuiwa katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, hatimaye humwagika baharini Kipini. Kama maji hayo, liko swali linalowakabili watu wa Masinga ambalo linatufikia hata sisi wa Pwani: mtoto kiziwi atasimuliwa na nani visa vya dini?

Masinga imo katika Kaunti ya Machakos, na Wakatoliki wa huko huwafundisha watoto wao maisha ya watakatifu, yaani waumini waliokwisha kufa ambao Kanisa limewatangaza kuwa mfano mwema. Mtoto anayesikia huvipata visa hivyo katika mahubiri, nyimbo na masimulizi ya bibi yake. Aliye kiziwi huona midomo ikicheza tu. Nyumbani husemwa Kikamba; yeye na mamaye wana ishara chache za kula, kulala na kuteka maji. Kwa ishara hizo, ni vigumu aelezwe kwa nini mtu akubali kufa kuliko kuacha imani yake.

Yafaa ieleweke kwamba Lugha ya Ishara ya Kenya si maigizo. Ni lugha yenye sarufi yake. Chukua kisa cha Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, na kutangazwa mtakatifu pamoja na wenzake 21 mwaka 1964. Msimulizi stadi humweka Kabaka upande mmoja mbele yake, na vijana wa ikulu upande wa pili. Akigeuza mabega na kutazama chini, yeye ni mfalme. Akigeukia upande wa pili na kuinua macho, ni kijana aliyepiga magoti. Lakini asiyeijua lugha hiyo, akiandika neno "imani" kwa herufi za vidole mbele ya mtoto asiyejua kusoma, hajamwambia kitu.

Kanisa lenyewe lina mfano wa kale. Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, hukumbukwa kwa kumfundisha dini kijana kiziwi kwa ishara, na Wakatoliki humhesabu kuwa msimamizi wa viziwi.

Je, na sisi? Namugongo hiyo hiyo, mwaka 1876, Waislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa. Miongoni mwa makosa yao ni kukataa nyama ya wachinjaji wa ikulu. Kiziwi wetu amekijua wapi kisa hicho? Madrasa zetu husomesha kwa sikio: mwalimu hutamka, mtoto hufuatisha. Nasi tunayo Suratu Abasa, iliyoshuka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Onyo tumekwisha kulipata.

Katiba ya mwaka 2010 imeitaka Serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kuifanya moja ya lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, katiba haisimulii hadithi. Anayehitajika, Masinga na Mombasa pia, ni kiziwi aliyesomeshwa dini barabara, akawakalisha viziwi wadogo mbele yake. Kumsomesha huyo ni wajibu wa waumini wenzake, wala si kazi ya Bunge.