Mei Hii, Twendeni Headlands

Ndugu zetu wa Cleveland, Akron na miji mingine ya Ohio, mliotoka Uvira, Bukavu, Kigoma, Mombasa na kwingineko: mwezi Mei ukiingia, chagueni asubuhi moja, chukueni watoto na chupa ya chai, mje Headlands Beach. Ni hifadhi ndogo ya jimbo huko Mentor, kando ya Ziwa Erie, na kutoka katikati ya Cleveland hata saa moja ya gari haiishi. Wanaoijua wengi wanaijua kwa joto la Julai, wakati kupata pa kuegesha ni kazi. Mapema Mei pamekaa wazi, na wageni wa wakati huo hawaingojei Julai.

Wageni wenyewe ni ndege. Baridi yote walikuwa Amerika ya Kati na Kusini, sasa wanarudi kaskazini kutaga na kulea. Wengi wao husafiri usiku, upepo wa kusini ukiwasaidia, na kukipambazuka wanakuta mbele yao maji matupu, Kanada iko ng'ambo. Aliyechoka hathubutu kuvuka. Anashuka kwenye mti wa kwanza anaouona, apumzike, ale, ndipo aendelee. Kwa sababu hiyo vichaka vichache vya upande wa mashariki wa ufukwe, kwenye matuta ya mchanga kuelekea mnara wa taa, vinaweza kujaa ndege kuliko msitu mkubwa wa bara. Asubuhi nzuri kupita zote ni ile inayofuata usiku wa upepo wa kusini uliokatizwa na mvua.

Msikimbilie kuangalia juu sana. Mwezi huo vijidudu vya ziwani huibuka kwa wingi na kutanda juu ya vichaka. Haviumi, na mtu aliyekulia Mwanza au Kisumu atavizoea mara moja. Ndege huvifuata hadi kwenye matawi ya chini. Hapo, kimo cha macho yako, utamwona mmoja wa wale wadogo wanaoitwa wobla, mwenye koo la rangi ya machungwa iliyokolea na mistari myeusi usoni. Anageuza jani, anachungulia chini yake, anadonoa, anaruka tawi la pili. Hana muda na wewe. Uzito wake ni kama gramu kumi, na wiki chache zilizopita alikuwa kwenye milima ya Andes. Mwingine, mwenye michirizi ya weusi na weupe mwili mzima, hupanda gogo akilizunguka, kichwa juu au kichwa chini, kwake ni mamoja.

Hifadhi za jimbo za Ohio hazitozi kiingilio. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia watu wakidhani lazima uwe na kadi, au uwe mwanachama wa kitu fulani. Hakuna. Darubini zinaazimwa kwenye baadhi ya maktaba za umma, na programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza mlio na kukutajia ndege bila malipo. Mlio wa kwenye simu tu msiupige kwa sauti ili kuwavuta. Wamechoka, waacheni wale.

Lakini wengi kinachotuzuia si pesa. Mtu mweusi akisimama peke yake kichakani, darubini shingoni, huanza kujiuliza wapita njia wanamwonaje. Wasiwasi huo una sababu. Mei 2020, jijini New York, mtazamaji ndege Christian Cooper alimwomba mwanamke amfunge mbwa wake kamba ndani ya Central Park. Mwanamke akapiga simu polisi akidai mwanamume mweusi anamtishia. Siku chache baadaye watazamaji ndege weusi wa Marekani walianzisha wiki yao ya kila mwaka, wakatoka na darubini zao mchana kweupe. Nasi tutoke, kwa makundi. Kaya tatu nne kwenye magari mawili zinatosha.

Na wazee msiwaache nyumbani. Mama aliyelima Fizi miaka thelathini, ambaye hapa wiki nzima inampitia sebuleni akitazama televisheni asiyoielewa, ana sikio ambalo wajukuu hawana. Atawaambia ndege yuko upande gani kabla simu haijasema.

Lakini ndege hawa wanapungua. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Sababu ni nyingi, lakini moja iko mikononi mwetu zaidi kuliko tunavyodhani: taa za usiku huwavuta ndege kwenye majengo, wakafia kwenye vioo. Oktoba 2023, jengo moja tu la mikutano huko Chicago liliua ndege karibu elfu moja ndani ya siku moja.

Sasa, nani anayebaki kwenye ghorofa za ofisi saa tano za usiku? Ni sisi, wenye ndoo na fyagio. Kwa hiyo ombi langu la pili ni kwenu mnaosafisha ofisi: Aprili na Mei, na tena wakati wa kurudi kwao kusini Septemba na Oktoba, mwulizeni msimamizi kama mnaweza kuzima taa za kila ghorofa mkishaimaliza, au kushusha mapazia pale taa zinapobaki. Mwajiri naye atapunguza bili ya umeme; mwambieni hilo kwanza.

Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huangukia Jumamosi ya pili ya Mei. Kama hamna siku nyingine, shikeni hiyo. Muwe mmefika saa moja asubuhi, na koti msiache, kwani upepo wa ziwa bado ni mkali. Mwenye kiti kitupu garini ampigie jirani Ijumaa jioni.