Nani Mtunzi wa Mafundisho ya Jando ya Wachaga?

Kati ya mwaka 1932 na 1938, Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi, alichapisha katika juzuu tatu mafundisho ya jadi waliyopewa vijana wa Kichaga: matini ya Kichaga pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Kitabu kinajulikana kwa jina lake peke yake. Je, yeye ndiye mtunzi?

Wataalamu wa maandiko ya Kibuddha wamelizoea swali hili. Maneno yanayonasibishwa na Buddha yalihifadhiwa vichwani kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa, na sutra nyingi hufunguliwa kwa kauli ya msikilizaji kwamba ndivyo alivyosikia. Hivyo msomaji hutambua kwamba msemaji si mwandishi.

Kwa maoni yetu, Gutmann ni mkusanyaji, mpangaji na mfasiri. Wenye matini ni wazee. Lakini mtazamo wake kuhusu mafungamano ya asili ya ukoo na ujirani huenda umeipenya tafsiri. Dai hilo halitatuliwi kwa hisia, bali kwa kulinganisha Kichaga na Kijerumani sentensi kwa sentensi, kazi inayomhitaji mwanaisimu anayeijua lugha yenyewe.

Suala hili latugusa sisi wa chini ya Mlima Meru, tunaowatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya Wameru na Waarusha. Mzee akiridhia, jina lake litangulie la mtafiti. Kumwita “mtoa habari” ni kumnyang'anya utunzi wake.