Pikipiki Kuukuu Si Mwizi

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Walikusudia kusema kwamba mwongo hafiki mbali kabla ya kuumbuka. Mwaka huu, hapa Kampala, nikiwa na bahasha mkononi na grisi chini ya kucha, nimeipata maana nyingine ya methali hiyo. Katika foleni ya usajili wa pikipiki, njia ya mwongo ni fupi kwa sababu imefyekwa na inapitika. Njia ya mkweli ni ndefu kwa sababu hakuna aliyejali kuifyeka.

Hoja yangu ni moja. Utaratibu wa kusajili vyombo vya moto vya zamani huanza na maswali yasiyostahili kutangulia: kina umri gani, na kimo kwenye kompyuta? Maswali matatu ya msingi huachwa nyuma: ni cha nani, ushuru wake ulilipwa, na je, breki zinashika? Kwa kupanga maswali kinyumenyume, utaratibu huo unawafundisha vijana wa nchi hii kudanganya. Nitaeleza jinsi ninavyojua.

Marehemu baba mkubwa alisoma Uingereza. Aliporudi nyumbani katika miaka ya 1990, alipakia vitu vyake katika kontena lililoshushwa Mombasa, na miongoni mwa vitu hivyo ilikuwamo Honda C90 iliyotengenezwa miaka ya 1970. Ni ya ukoo wa Super Cub, pikipiki iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958 na ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imeundwa zaidi ya mara milioni 100. Hakuwahi kuisajili hapa. Aliugua, pikipiki ikawekwa stoo, kuku wakataga juu ya kiti chake. Mwaka jana mama mkubwa alinikabidhi ufunguo akasema, "Chukua, mwanangu. Ila usiiuze kabla hujaiendesha."

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Sikuwa nimewahi kushika spana. Rafiki zangu walicheka, na mhadhiri mmoja aliniuliza kwa upole kama sina tasnifu ya kuandika. Nawajibu wote hapa: katika miezi mitano ya kuifufua pikipiki ile nilijifunza adabu ya ukweli kuliko katika kozi yoyote ya maadili.

Chuma hakikubali uongo. Injini ilikuwa imekwama. Nilitaka kuilazimisha kwa kupiga kiki, lakini fundi mmoja wa soko la Kisekka, mzee anayependa kunisemesha Kiswahili kwa sababu anajua nakisomea, alinizuia. "Mwalimu, usiipige teke. Ing'oe plagi, umimine oili kidogo, uiache ilale." Ililala siku nne. Siku ya tano pistoni ilisogea. Tangi, ambalo katika pikipiki hii limefichwa chini ya kiti, lilijaa kutu. Nililitia siki na kokoto ndogo, nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikalisuuza, nikalikausha na kulipaka oili ndani siku hiyo hiyo, kwani chuma kilichosafishwa kikiachwa na unyevu hushika kutu upya kabla ya asubuhi. Nilitaka kuzibua jeti za kabureta kwa waya wa chuma. Fundi alinipokonya ule waya: tundu likipanuka kidogo tu, kipimo cha petroli kimeharibika daima. Alinipa uzi wa nailoni.

Makosa yangu yalikuwa mengi. Niliharibu vichwa vya skrubu tatu kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, nikaja kuelewa baadaye kwamba skrubu za Kijapani za enzi ile zina msalaba unaotofautiana kidogo na huo, hivyo bisibisi isiyo yake huteleza na kuutafuna. Nilikaza bolti ya alumini kwa nguvu za kijana mwenye hasira, uzi wake ukakatika. Nilifungua nyaya zote kabla ya kuzipiga picha, nikatumia wiki mbili kutafuta waya wa taa ya nyuma. Balbu za volti 6 nilizitafuta duka hadi duka, kwa maana pikipiki za siku hizi ni za volti 12. Kila kosa lilinionyesha mahali lilipo. Pointi zikifunguka chini ya kipimo chake, kati ya milimita 0.3 na 0.4, injini haibembelezeki wala haihongeki. Unarudi, unapima, unarekebisha.

Siku ilipowaka, mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusema neno. Alisikiliza mpaka nikaizima, kisha akarudi ndani akafunga mlango. Nilifuta grisi, nikajiambia kuwa kazi ngumu imekwisha.

La hasha! Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Ofisi niliyoiendea sitaitaja, kwani sina ugomvi na mtu bali na utaratibu. Nilikwenda na cheti cha usajili cha Uingereza chenye jina la baba mkubwa, barua ya urithi, na stakabadhi ya forodha iliyoandikwa kwa mkono, niliyoipata katika sanduku lake la bati. Safari ya kwanza niliambiwa nilete picha za namba ya fremu. Safari ya pili nilizileta, nikaambiwa namba ni fupi: kompyuta inataka herufi na tarakimu 17. Nilieleza kwamba utaratibu wa tarakimu 17 ulikuja kuenea katika miaka ya 1980, na pikipiki hii ilikwisha kuzaliwa. Kijana wa dirishani, mpole na mchovu, aliniambia, "Ssebo, mimi nakuelewa. Mashine ndiyo haikuelewi." Safari ya tatu niliambiwa stakabadhi ya forodha haimo kwenye mfumo. Kwa hiyo kilichoandikwa kwa mkono hakimo katika kompyuta, na kisichomo katika kompyuta hakikuwahi kutokea. Hakuna safari hata moja niliyopewa orodha kamili ya vinavyohitajika. Kila mara nilipewa kitu kimoja cha kukosa.

Nje ya lango alinisubiri kishoka. Alikuwa amevaa vizuri kuliko sisi sote kwenye foleni. "Ndugu yangu," alisema, "hii kazi ya siku tatu." Alikuwa na kadi halali ya pikipiki iliyogongwa na lori ikawa chuma chakavu. Tungesaga namba ya fremu yangu, tugonge namba ya ile iliyokufa, turudi dirishani. Herufi na tarakimu 17 zingekuwepo. Mfumo ungeitambua. Bei aliyotaja haikufikia nauli na ada nilizokwisha kutumia.

Msomaji wangu, sitajifanya malaika. Nililala na namba yake ya simu mfukoni siku mbili. Nilijua kwamba nikikubali, Honda ya baba mkubwa ingekuwa halali mbele ya sheria na uongo mbele ya mama mkubwa. Jina lake lingefutwa kwa msasa. Na nilijua jambo jingine: namba ya fremu ndiyo alama inayomwezesha polisi kutofautisha pikipiki ya mwenyewe na ya kuibwa. Utaratibu unaodai kumzuia mwizi ulikuwa unanisukuma kufanya hasa kile afanyacho mwizi. Niliichana ile karatasi. Si kwa ushujaa. Niliikumbuka tu ile bolti ya alumini: kilichokatika uzi hakikazi tena.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, maana wapo, na baadhi yao wana akili.

Wa kwanza husema vyombo vikuukuu vinachafua hewa. Ni kweli kwa vingi. Lakini moshi hutokana na hali ya injini. Pikipiki ya miaka mitatu yenye ringi zilizokwisha hutoa moshi wa samawati kuliko C90 yenye injini ya mipigo minne iliyotunzwa vizuri. Kama shida ni moshi, basi tupime moshi. Kumhukumu kwa mwaka wa kuzaliwa ni uvivu wa kupima.

Wa pili husema tukifungua mlango tutageuzwa jalala la nchi tajiri. Hoja hii naiheshimu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Sizipingi sheria hizo. Lakini kuingiza leo ni jambo moja, na kusajili kilichoingia kabla ya mimi kuzaliwa ni jambo jingine. Ukikataa kukisajili hakirudi Japani. Kinabaki stoo, au kinaendeshwa usiku bila namba, au kinapelekwa kwa kishoka. Jalala halijapungua hata kwa msumari mmoja.

Wa tatu husema umri ni hatari: kizee kitakatika barabarani. Basi na tukikague! Mimi naomba kukaguliwa. Naomba mtu aje avute breki, atikise uskani, atazame spoki na tairi, awashe taa. Katika safari zangu tatu hakuna aliyeomba kuiona pikipiki yenyewe. Waliomba karatasi. Ningeweza kuileta isiyo na breki kabisa, mradi namba yake ina tarakimu 17.

Ajabu ni kwamba kule ilikotoka, umri ni heshima. Uingereza, chombo kilichotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu mwaka 2018 husamehewa pia ukaguzi wa kila mwaka iwapo hakijabadilishwa kwa kiasi kikubwa, ingawa mwenyewe bado anawajibika kuhakikisha ni salama. Sitaki tuige kila kitu. Mimi hata msamaha wa ukaguzi siutaki. Nataka tu tuone kwamba inawezekana serikali kukitambua kitu cha zamani kuwa cha zamani, bila kukishuku kuwa cha wizi.

Ninachodai si kikubwa. Orodha kamili ya vinavyohitajika, pamoja na ada zake, ibandikwe mlangoni. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Mfumo uwe na nafasi ya namba fupi za vyombo vilivyoundwa kabla ya utaratibu wa tarakimu 17. Stakabadhi ya mkono itafutwe na ofisi katika kumbukumbu zake ndani ya muda uliotajwa, na ikikosekana, kiapo mbele ya hakimu kikubaliwe, kwani si mwananchi aliyepoteza majalada. Mwisho, ukaguzi wa chombo utangulie ukaguzi wa karatasi.

Na orodha hiyo iandikwe pia kwa Kiswahili. Hapa nawageukia ninyi, wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Tunalisema hilo katika kila kongamano, tunapiga makofi, tunakunywa chai. Lakini fomu niliyojaza ilikuwa ya Kiingereza, na nyuma yangu kwenye foleni dereva wa bodaboda aliniomba nimsomee yake. Bodaboda, neno lililozaliwa hapa mpakani Busia na sasa linasemwa Afrika Mashariki nzima, halina fomu inayolielewa. Lugha isiyoweza kumsajilia mtu chombo chake ni lugha ya sherehe.

Tusiseme kwamba msamiati haupo. Upo Kisekka, upo Katwe, umelowa oili: fremu, plagi, pointi, koili, gasketi, jeti, spoki, ringi. Yule mzee hajawahi kuingia darasa la isimu, lakini amenifundisha maneno ambayo sijayasikia katika mhadhara wowote, na kila neno lilikuja na kitu chake mkononi. Tunaandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi bila kuvuka barabara kwenda kwa wanaoziunda. Halafu tunamwuliza mwenye grisi kama hana kazi ya maana.

Jalada langu lina miezi tisa sasa, marefu kuliko matengenezo yenyewe. Mara ya mwisho niliambiwa nije mwezi ujao. Nitakwenda na karatasi zote, na namba fupi iliyogongwa kiwandani, haijaguswa kwa msasa. Wakati huo pikipiki imo uani kwa mama mkubwa. Kila Jumamosi naiwasha, naizungusha ndani ya ua mara mbili kuuzunguka mwembe, kisha naizima langoni. Barabara iko pale pale, hatua tatu mbele ya tairi. Breki zinashika. Nimezijaribu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuzijaribu.