Wembe haujui kulia wala kushoto

WAHENGA walinena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Mimi niliulilia wembe nikiwa mtu mzima, mwenye watoto, shahada ya uzamifu na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Nikapewa. Makovu mawili madogo, moja chini ya sikio la kulia na jingine kidevuni, yangali ushahidi wa masomo yangu. Hata hivyo, funzo nililolipata halihusu ndevu peke yake. Linamhusu kila mwalimu atakayeingia darasani kesho asubuhi akiwa na chaki katika mkono wake wa kulia.

Wembe ninaouzungumzia si ule wa salama ambao King Camp Gillette wa Marekani alianza kuuza mwaka 1903, na ambao vizazi vyake leo hupatikana katika kila kioski. Ni ule wa kale wa kukunja: bapa refu la chuma linalolala ndani ya mpini wake mithili ya kisu cha mfukoni. Marehemu babu yangu aliacha mmoja, uliopigwa chapa ya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa vyuma vya makali. Ulikaa katika sanduku la mabati miaka mingi. Ulipoangukia mikononi mwangu niliona ni aibu kuuacha uliwe na kutu. Nikaupeleka kwa kinyozi mmoja mzee katika mji ninakofundisha, anitilie makali na kunifunza namna ya kuutumia.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mimi ni mashoto, yaani mtu ambaye mkono wake wa kazi ni wa kushoto.

"Mwalimu," mzee yule aliniambia, "ushike kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu viwe juu ya shingo ya wembe, kidole cha mwisho kikae mkiani. Anzia shavu la kulia. Ulaze, usiusimamishe." Maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Wembe wa aina hii hulazwa karibu na ngozi, pembe yake ikiwa takriban nyuzi 30. Ukiulaza zaidi hauondoi kitu. Ukiusimamisha hukata nyama badala ya nywele. Nilitii. Mkono wangu wa kulia, ambao haujawahi hata kumenya chungwa vizuri, ulitetemeka kama jani. Damu ya kwanza ikatoka chini ya sikio.

Juma lililofuata nilithubutu kuuhamishia wembe mkono wa kushoto, lakini nikashika agizo lililosalia: anzia shavu la kulia. Basi mkono ukapita mbele ya uso wangu mwenyewe, ukaziba kioo, kifundo kikapinda, na wembe ukasimama wima kabla sijatambua. Damu ya pili ikatoka kidevuni. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "wembe huu si wa watu wa mkono wako."

Naungama kwamba nilimwamini. Kwa muda wa mwezi mzima niliurejesha wembe wa babu sandukuni, nikajiambia kwamba kuna kazi ambazo mkono wangu haukuumbiwa.

Kilichoniamsha ni mkasi. Jioni moja nilimwona binti yangu, ambaye ameurithi mkono wangu, akihangaika kukata karatasi ya kazi ya shule. Karatasi ilikuwa ikikunjika badala ya kukatika. Hapo kosa lilikuwa la chombo chenyewe. Mkasi una mapanga mawili yaliyopishana, na umeundwa hivi kwamba nguvu ya dole gumba la mkono wa kulia huyabananisha mapanga hayo. Ukiushika kwa mkono wa kushoto, nguvu ileile huyatenganisha, karatasi ikapenya katikati. Isitoshe, panga la juu humziba mkataji asiuone mstari anaoufuata. Mkasi wa kawaida, kwa hakika, una mkono wake.

Nilikwenda kuutazama wembe kwa jicho hilo. Nikaugeuza huku na huku. Pande zake mbili zilikuwa sawa kabisa, na makali yalikuwa katikati kama mstari uliopigwa kwa rula. Hakuna chochote katika chuma kile kilichomtambua mtu wa kulia au wa kushoto. Ikanibainikia kwamba sikushindwa na wembe. Nilishindwa na maagizo. Maneno niliyopewa yalitungwa kwa ajili ya mwili mwingine, nami nilipojaribu kuyafuata kwa mwili wangu, nikalaumiwa mimi badala ya maneno.

Nikarudi kwa mzee. "Mzee wangu," nikamwomba, "safari hii usisimame nyuma yangu. Simama mbele yangu, tutazamane uso kwa uso, nawe ujifanye unajinyoa." Alicheka, lakini akakubali. Alipouinua mkono wake wa kulia, mimi niliinua wa kushoto. Alipogusa shavu lake la kulia, mimi niligusa langu la kushoto. Aliivuta ngozi kwa mkono wake wa kushoto, mimi nikaivuta kwa wa kulia. Nilimfuata kama kivuli katika kioo, wala sikuhitaji kutafsiri lolote. Shavu la kwanza likaisha bila tone la damu.

Ndipo mzee alipofika kwenye shavu lake la pili, akasita. Mkono wake wa kulia nao ulilazimika kuvuka pua, na kifundo chake nacho kikaanza kupinda. Akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe upande huu hata mimi sina mkono." Akaniambia kwamba kwa miaka yake yote ya ukinyozi amewanyoa watu wengine tu, yeye mwenyewe hunyolewa na mwanawe. Wahenga walikwisha kusema kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Uso una pande mbili, na kila anayejinyoa kwa wembe wa kukunja, awe wa kulia au wa kushoto, atafika upande ambao mkono wake hauupendi. Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii hushauri kwamba mtu ajifunze kwa mikono yote miwili: wa kulia kwa shavu la kulia, wa kushoto kwa shavu la kushoto. Kwa nusu ya uso wake, kila mwanamume hugeuka kuwa mashoto. Tofauti ni kwamba mwenye mkono wa kulia huonyeshwa kwanza nusu iliyo rahisi kwake, na mashoto hutupwa moja kwa moja katika nusu iliyo ngumu, kisha akaambiwa kwamba hajui.

Sasa tuingie darasani. Mwaka 1988, nikiwa darasa la pili, mwalimu wangu alinipiga kwa ukingo wa rula kila aliponiona nikishika penseli kwa mkono wa kushoto. Nilijifunza kuandika kwa mkono wa kulia aliponitazama, na kwa wa kushoto alipogeuka kuandika ubaoni. Hati yangu haijapona hadi leo. Sina kinyongo naye, alidhani ananiokoa. Tangu mwaka 2001 adhabu ya viboko imepigwa marufuku katika shule za Kenya, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza tena adhabu ya kumuumiza mwanafunzi mwili. Lakini sheria inaweza kuiondoa rula kwenye vidole vya mtoto bila kuyaondoa maagizo yasiyomfaa kinywani mwa mwalimu.

Maagizo hayo yana mizizi mirefu katika lugha yenyewe. Kulia kwetu ni mkono wa kulia chakula. Wako wanaouita mkono wa kuume, yaani wa kiume, na ule mwingine wakauita wa kike. Neno yamini, tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mkono wa kulia na pia ni kiapo. Mtu akiapa hula yamini. Wazungu nao hawakunusurika: neno la Kilatini lililomaanisha kushoto, sinister, Waingereza wamelifanya kuwa neno la shari. Hakuna anayemtukana mashoto kwa kusudi atumiapo maneno haya. Lakini lugha inapomfundisha mtu kwamba upande mmoja ndio wa haki, huacha kuuona upande wa pili.

Wapo watakaonijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwa kuwa dunia ni ya wenye mkono wa kulia, afadhali mtoto azoee mapema. Wengine watanikumbusha adabu: kwetu chakula huliwa, na zawadi hutolewa, kwa mkono wa kulia. Sina ugomvi na adabu. Mimi mwenyewe hula na kusalimu kwa mkono wa kulia, kama nilivyolelewa, na hivyo ndivyo ninavyomlea binti yangu. Lakini adabu ni jambo moja na ustadi ni jingine. Kuomba radhi hakuhitaji kidole chepesi. Kalamu, sindano, mkasi na wembe huhitaji.

Inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 ni mashoto. Darasa la wanafunzi 50, basi, huenda lina watoto 5 wa namna hii. Mtaala wa umilisi unaochukua mahali pa mfumo wa 8-4-4 umeongeza kazi za mikono: kukata, kushona, kufinyanga, kupika. Kila kazi ni nafasi mpya ya mtoto kufaulu, au ya kuambiwa kwamba si ya watu wa mkono wake. Ikiwa mtu mwenye shahada ya uzamifu aliamini kwa mwezi mzima kwamba kasoro ni yake, mtoto wa miaka 7 ataamini kwa miaka mingapi?

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Mwalimu na atazame, katika juma la kwanza la muhula, nani anaandika kwa mkono upi. Mashoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili viwiko visigombane. Aruhusiwe kuuinamisha ukurasa wake upande wa kulia, kinyume cha wenzake. Shule na inunue japo mikasi michache ya mashoto. Vyuo vikuu navyo, vinaponunua viti vyenye ubao wa kuandikia, vikumbuke kwamba si kila ubao ufungwe upande wa kulia. Mwalimu aseme "mkono unaoandikia" badala ya kusema "mkono wa kulia". Na anapoonyesha kazi, amwite yule mtoto aje asimame mbele yake, watazamane, amfuate kama kioo. Hilo halina gharama hata ya senti moja.

Nanyi wanafunzi mnaotumia mkono wa kushoto, mkishindwa na jambo, msikimbilie kuulaumu mkono. Kikagueni kwanza chombo, kisha myakague maneno mliyopewa. Wakati mwingine chombo hakina neno.

Wembe wa babu sasa uko juu ya sinki langu. Mzee yule, nilipompitia juzi, nilimkuta akimfunza kijana mmoja kazi. Kabla ya kumkabidhi wembe alimuuliza swali ambalo hakuniuliza mimi: "Wewe waandika kwa mkono gani?"