Heshima kwa Mzee Isiwe Kumkalisha

Mzee anayelalamikia magoti au pumzi huambiwa mara nyingi neno moja: apumzike. Watoto humpokonya jembe kwa mapenzi, jirani humtengea kiti, na wakati mwingine hata mtoa huduma za afya huunga mkono ushauri huo. Nia ni njema. Hata hivyo, misuli isiyotumika hunyong'onyea, uwezo wa kusimama imara hupungua, na hatimaye mzee hushindwa kuinuka katika kiti kile kile alichotengewa.

Njia nyingine yaonekana kusini mwa Ufaransa, kando ya Canal du Midi. Mfereji huo, uliochimbwa kuanzia mwaka 1666 hadi 1681 kwa juhudi za Pierre-Paul Riquet, una urefu wa takriban kilomita 240, kutoka jiji la Toulouse hadi wangwa wa Thau karibu na Bahari ya Mediterania. Zamani farasi walipita ukingoni wakivuta mashua. Leo ukingo huo hupitiwa na waendesha baiskeli, wakiwamo wengi waliokwisha kustaafu.

Wepesi wa njia hiyo unatokana na maji yenyewe. Kati ya lango moja la maji na jingine, mfereji hauna mteremko, na njia iliyo kando yake vivyo hivyo. Mpando hukutwa penye malango tu. Kutoka Toulouse hadi Naurouze, sehemu ya juu kabisa ya mfereji, ni kama kilomita 50, na mpando wote ni takriban mita 60. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, hizo ni saa nne na kitu, ambazo mzee aliyejizoeza anaweza kuzigawa siku nzima: apumzike kivulini, ale, atazame mashua ikipandishwa langoni. Akichoka, reli haiko mbali. Safari imepimwa kulingana na nguvu zake.

Kwamba mwili wa uzeeni bado huitikia mazoezi, Mfaransa Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, alilithibitisha. Watafiti waliokuwa na Véronique Billat walimpima akiwa na umri wa miaka 101, wakampa utaratibu wa mazoezi, wakampima tena akiwa na miaka 103. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake uliweza kutumia kilikuwa kimeongezeka kwa takriban asilimia 13. Huyo ni mtu mmoja, tena wa pekee. Lakini yatosha kuwafanya wahudumu wasite kabla ya kutamka kwamba muda umepita.

Hofu ya wanaoshauri mapumziko ina msingi, na dawa yake ni kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi. Kwa mazoezi ya wastani, mtu aweze kuzungumza ila asiweze kuimba. Anywe maji kabla ya kiu, kwa sababu hisia ya kiu hufifia uzeeni. Atumiaye insulini au glibenklamidi ajadiliane kwanza na mtaalamu wake, abebe kitu chenye sukari, kwani sukari yaweza kushuka njiani. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta msaada. Baiskeli huyapunguzia magoti uzito wa mwili. Kwa sababu hiyo hiyo haiimarishi mifupa kama kutembea, basi kutembea kusiachwe.

Barabara nyingi za Afrika Mashariki hazina njia ya namna hiyo, na kumpeleka mzee katikati ya malori ni kumhatarisha. Hata hivyo, kanuni inahamishika: mahali tambarare, saa za ubaridi, vituo vya kupumzika, na njia fupi ya kurudi nyumbani. Kliniki nayo ianze na swali jepesi: mzee, ungependa uweze kufanya nini tena? Jibu lake, liwe ni kufika shambani au msikitini kwa miguu yake, ndilo liandikwe katika kadi yake kama lengo la matibabu.