Kiwavi wa Mlimau Asiuawe Ovyo

Watu wengi hupanda maua uani ili kuwavuta vipepeo, kisha huwaua viwavi waliomo katika mlimau ulio kando ya maua hayo. Vitendo hivyo viwili vyapingana. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake juu ya majani ya milimau na michungwa. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, hivyo maadui humpuuza. Akikua hugeuka kuwa wa kijani. Akiguswa, hutokeza nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini zenye harufu kali.

Ni kweli kwamba mche mdogo waweza kumalizwa majani, na mkulima aishiye kwa machungwa ana haki ya kuukinga. Lakini mlimau mkubwa wa nyumbani haudhuriki kwa viwavi wachache. Yafaa basi walimu wawaagize wanafunzi wauache mti mmoja bila kunyunyizwa dawa, wawahesabu viwavi kila siku na kuandika tarehe za mabadiliko yao. Bustani ya namna hiyo ni maabara isiyohitaji fedha, na apendaye vipepeo hana budi kuwavumilia viwavi wao.